Umeme wa Rilei na Taa za Ishara kwenye Kielelezo cha Reli: Mwongozo kwa Klabu za Sayansi za Kisii na Nyamira

Kielelezo cha reli kina kazi tatu za umeme zisizofanana. Ya kwanza ni kuendesha treni: mota ndogo hupewa volti 0 hadi 12 kupitia reli zenyewe, mwendo ukiongezeka kadiri volti zinavyopanda, na treni hurudi nyuma pale chanya na hasi zinapobadilishana. Ya pili ni kuvuta rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa sumaku ya umeme. Ya tatu ni kuwasha taa za ishara. Treni huhitaji volti zinazobadilika. Rilei na taa huhitaji volti zisizoyumba. Taa zikilishwa kutoka kwenye kidhibiti cha treni, hufifia treni inapopunguza mwendo, na taa za LED huzimika kabisa inaporudi nyuma, kwa kuwa hupitisha umeme upande mmoja tu. Kwa hiyo kidhibiti huachiwa treni peke yake, na ishara hupewa chanzo chake.

Kisii na Nyamira hazina reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na haikupanda vilima vya Gusii. Hata hivyo, kielelezo cha reli chenye ishara ni mradi unaofaa shule za huko, kwa sababu kinakusanya mezani mada kadhaa za fizikia ya sekondari: sakiti rahisi, sumaku ya umeme, kanuni ya Ohm na elektroniki. Pia ni kazi inayoweza kupelekwa kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo huanzia ngazi za chini na kupanda hadi ya taifa. Maelezo yanayofuata yanahusu kielelezo cha meza moja au mbili, chenye ishara nne za taa nyekundu na kijani, na kinachotumia umeme wa DC wa volti 12.

1. Rilei na mahitaji yake

Rilei ina sehemu mbili zisizogusana kwa umeme. Sehemu moja ni koili, ambayo ikipata umeme huwa sumaku na kuvuta ulimi wa chuma. Sehemu ya pili ni miguu ya swichi: mguu wa kati (COM), mguu wa mapumziko (NC) unaogusana na wa kati koili ikiwa haina umeme, na mguu wa kazi (NO) unaogusana nao koili ikivuta.

Aina tatu hupatikana kwa urahisi. Rilei ndogo ya miguu mitano, yenye umbo la kijisanduku cha plastiki, ina koili ya omu 400 hivi katika toleo la volti 12, na hula miliampea 30. Rilei ya miguu minane, ambayo mafundi wa umeme huifunga juu ya kikalio chake, ina seti mbili za swichi zinazobadilika pamoja. Koili yake hula takribani miliampea 75. Rilei ya gari, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya honi na taa kubwa, imeandikwa namba 85 na 86 kwenye miguu ya koili, 30 kwenye mguu wa kati, 87 kwenye mguu wa kazi na 87a kwenye mguu wa mapumziko pale ulipo. Ni imara na rahisi kuelewa, lakini koili yake hula miliampea 150 hivi, mara tano ya ile ndogo.

Maandishi ya kwenye kifuniko hutaja mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Volti 12 DC ni mahitaji ya koili. Ampea 10 kwa volti 250 ni uwezo wa swichi zake, yaani mzigo mkubwa kabisa zinaoweza kubeba, wala si umeme ambao rilei inahitaji. Uwezo huo pia si ruhusa ya kupitisha stima ya volti 240 kwenye kielelezo cha wanafunzi. Pale ambapo maandishi yamefutika, koili hupimwa kwa mita kwenye kipimo cha omu, kisha volti 12 hugawanywa kwa omu zilizosomwa. Omu 165, kwa mfano, huonyesha koili ya miliampea 73.

Rilei nyingi za volti 12 huvuta kwa hakika kuanzia volti 9, na zikishavuta huendelea kushika hata volti zikishuka sana chini ya hapo. Ndiyo maana rilei iliyopewa umeme hafifu hubaki imeshika ikiwa ilikwisha kuvuta, lakini hukataa kuvuta tena ikishaachia.

Kila koili hufungwa daiodi, na aina ya 1N4007 inatosha. Umeme wa koili unapokatwa ghafla, sumaku yake huporomoka na kuzalisha mrusho wa volti unaoweza kufika mamia. Mrusho huo huunguza transista na hula midomo ya swichi ndogo. Daiodi huupa njia ya kuzunguka ndani ya koili hadi ufe. Upande wenye mstari hufungwa kwenye chanya ya koili na upande wa pili kwenye hasi. Ikigeuzwa, hupitisha umeme moja kwa moja kutoka chanya kwenda hasi, na fyuzi hukatika mara tu swichi inapowashwa.

2. Taa za ishara

Taa ya LED ndiyo inayofaa. Balbu ya indiketa ya pikipiki ya volti 12 na wati 10 hula ampea 0.83, na balbu nne za aina hiyo hupita uwezo wa adapta ndogo na huyeyusha nguzo za plastiki. LED ya kawaida hutoa mwanga wa kutosha ndani ya chumba kwa miliampea 10.

LED haifungwi kwenye volti 12 bila resista. LED nyekundu hutumia volti 2 hivi. Ya kijani hutumia kati ya 2 na 3 kulingana na aina. Volti zilizobaki hubebwa na resista, na thamani yake hupatikana kwa kanuni ya Ohm: volti zilizobaki hugawanywa kwa ampea zinazotakiwa. Kwa LED nyekundu, 12 kutoa 2 ni 10. 10 kugawanywa kwa 0.01 ni omu 1,000. Kwa ya kijani ya volti 3, jibu ni omu 900. Resista ya omu 1,000, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, hufaa zote mbili. Joto lake ni wati 0.1, hivyo resista ndogo ya robo wati hutosha. Ikiwa chanzo ni cha volti 5, resista huwa ya omu 330.

Kila LED hupewa resista yake. LED mbili za rangi tofauti zikifungwa sambamba kwenye resista moja, ile inayohitaji volti chache huuchukua karibu umeme wote na nyingine hubaki giza.

Nguzo ya ishara yaweza kutengenezwa kwa mrija wa kalamu, na waya nyembamba zikapita ndani. Kikalio chake chaweza kuchongwa kwa jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo halipitishi umeme, ni zito kiasi cha kuzuia nguzo isianguke, na hutobolewa kwa kekee ya kawaida. Jiwe huloweshwa kabla ya kutobolewa ili vumbi lake lisivutwe puani.

3. Hesabu ya mzigo

Chanzo huchaguliwa baada ya hesabu. Ishara nne zinazojiendesha, kama zitakavyoelezwa hapa chini, huhitaji rilei nne za miguu minane, rilei nne ndogo za kusaidia, na LED nne zinazowaka kwa wakati mmoja. Rilei kubwa hula 4 mara 75, yaani miliampea 300. Rilei ndogo hula 4 mara 30, yaani 120, ingawa huvuta kwa sekunde chache tu kila moja. LED hula 4 mara 10, yaani 40. Jumla ya juu kabisa ni miliampea 460.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: mzigo mkubwa ni wa rilei. Koili moja ya rilei ya miguu minane hula zaidi ya LED saba. Anayetaka kupunguza matumizi huanza na aina ya rilei.

Jumla huzidishwa kwa mbili ili chanzo kisifanye kazi kwenye ukingo wa uwezo wake, na ili pawe na nafasi ya kuongeza ishara. Mara mbili ya 460 ni miliampea 920, kwa hiyo chanzo cha volti 12 na ampea 1 kinatosha. Chanzo cha ampea 3 hakiharibu kitu, kwa sababu vifaa huchukua kiasi vinachohitaji tu; ila hitilafu ikitokea, kina nguvu zaidi ya kuunguza waya, na fyuzi huwa ya lazima zaidi.

4. Kuchagua chanzo

Adapta ya volti 12. Adapta za ruta za intaneti na za kamera za ulinzi mara nyingi ni za volti 12 na ampea 1 au 2, na ndizo rahisi zaidi kutumia. Maandishi ya upande wa kutoa lazima yaseme DC. Adapta ya kompyuta ya mkononi mara nyingi hutoa volti 19, ambazo huchemsha koili ya volti 12. Kabla ya kufunga chochote, chanya na hasi za ncha ya adapta hupimwa kwa mita, kwa kuwa si zote zenye chanya katikati.

Betri. Shuleni ambako stima hukatika, au kwenye ukumbi wa maonyesho ambako soketi ni chache, betri ya asidi iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7 hufaa sana. Rilei nne kubwa zikiwa zimeshika na LED nne zikiwaka, mzigo wa kudumu ni miliampea 340. Kwa saa 8 huo ni ampea-saa 2.7. Betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, na nusu ya 7 ni 3.5; siku nzima ya maonyesho hupita bila kuigusa nusu ya pili. Betri iliyojaa husoma volti 12.7 hivi ikiwa imetulia. Ikisoma karibu na 12, ni wakati wa kuchaji. Inapochajiwa kwa sola au chaja hufika volti 14.4, na resista za omu 1,000 huzilinda LED hata hapo, kwa kuwa mkondo hupanda hadi miliampea 12 tu. Betri huchajiwa mahali penye hewa, mbali na moto.

Chaja ya simu. Hutoa volti 5, hivyo hudai rilei za volti 5. Rilei ndogo ya volti 5 hula miliampea 70 hivi, zaidi ya mara mbili ya ile ya volti 12, kwa sababu volti zikipungua mkondo huongezeka ili nguvu ibaki ileile. Chaja ya ampea 1 hutosha ishara mbili au tatu zenye rilei ndogo. Benki ya umeme ya simu haitegemeki: nyingi hujizima zenyewe zinapoona mzigo mdogo, na ishara zote huingia giza.

Transfoma ya redio ya zamani. Hutoa AC, ambayo huifanya koili ya DC ivume na kutetema, na LED imemeteke. Lazima ifuatwe na daiodi nne za kunyoosha umeme na kapasita. Jambo la kuangalia ni kwamba volti 12 za AC zikinyooshwa hivyo hupanda hadi takribani 15.6, nyingi mno kwa kazi hii. Kidhibiti cha aina ya 7812 huzishusha hadi 12 kamili. Upande wa volti 240 wa transfoma hufungwa na fundi, ndani ya sanduku lililozibwa, wala hauachwi mikononi mwa wanafunzi.

5. Fyuzi, matawi na waya

Fyuzi huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na chanzo. Kwa betri hili halina mjadala: chanya na hasi zikigusana, betri ndogo ya asidi humwaga makumi ya ampea, na waya mwembamba huwaka moto. Fyuzi ya ampea 1 inatosha kwa mzigo uliohesabiwa.

Baada ya fyuzi kuu, chanya hugawanywa matawi mawili: tawi la koili lenye fyuzi ya nusu ampea, na tawi la taa lenye yake. Hasi ya matawi haya mawili huwa moja. Kidhibiti cha treni hubaki nje ya mfumo huu kabisa. Wala hasi yake haiunganishwi na ya ishara. Faida ya matawi mawili itaonekana katika sehemu inayofuata.

Waya mkuu wa chanya na wa hasi hupita chini ya meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kila ishara huchomoza kutoka hapo. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 hufaa kwa mgongo huo. Waya mmojammoja kutoka kwenye kebo ya mtandao wa kompyuta hufaa kwenda kwenye kila LED, lakini haufai kuwa mgongo: mita 10 zake zina omu 0.85 hivi, na nusu ampea ikipita humo hupotea volti 0.4. Miliampea 10 za LED moja hupoteza kiasi kidogo mno kisicho na athari.

Rangi huamuliwa kabla ya kukata waya, na huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa chini ya meza. Mpango mmoja unaoeleweka ni nyekundu kwa chanya ya taa, njano kwa chanya ya koili, nyeusi kwa hasi, na buluu kwa waya kutoka kwenye swichi. Maungio hulehemewa kwa risasi au hukazwa kwenye viunganishi vya skrubu. Waya uliosokotwa na kufungwa utepe hulegea meza inaposafirishwa.

6. Nyekundu iwe rangi ya mapumziko

Kwenye reli halisi, ishara hupangwa ili hitilafu yoyote ilete nyekundu. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya sakiti inayopitisha umeme kwenye reli zenyewe ili kuishikilia rilei. Magurudumu ya treni yanapoingia huupa umeme huo njia fupi usifike kwenye rilei, rilei huachia, na ishara huonyesha hatari. Betri ikifa au reli ikivunjika, matokeo ni yaleyale.

Kielelezo hufuata kanuni hiyo kwa kufunga LED nyekundu kwenye mguu wa mapumziko na ya kijani kwenye mguu wa kazi, huku mguu wa kati ukipokea chanya ya tawi la taa. Fyuzi ya koili ikikatika, rilei zote huachia, na ishara zote hugeuka nyekundu kwa sababu tawi la taa lingali hai. Koili na taa zingekuwa kwenye fyuzi moja, kila kitu kingezimika na ishara isingesema lolote.

Kwa ishara inayojiendesha, swichi mbili za sumaku hufichwa kati ya reli, na sumaku ndogo hubandikwa chini ya injini. Rilei kuu ni ya miguu minane: seti moja hubadilisha taa, na nyingine huishikilia koili yake yenyewe. Mpangilio wake ni huu:

a) Chanya ya koili hupita kwanza kwenye mguu wa kati na wa mapumziko wa rilei ndogo ya kusaidia.

b) Kutoka hapo huingia kwenye mguu wa kati wa seti ya pili ya rilei kuu, na mguu wa kazi wa seti hiyo hurudi kwenye koili ya rilei kuu. Rilei ikivuta, hujilisha yenyewe na kubaki imeshika.

c) Swichi ya sumaku ya mbele, iliyowekwa mwisho wa sehemu inayolindwa, hufungwa sambamba na seti hiyo ya pili. Treni ikitoka na kuipita, rilei kuu huvuta, na taa huwa kijani.

d) Swichi ya sumaku ya nyuma, iliyowekwa mara tu baada ya nguzo ya ishara, huendesha koili ya rilei ndogo. Treni ikiingia, rilei ndogo huvuta kwa kitambo kidogo, hukata mlisho wa rilei kuu, na taa hurudi nyekundu.

Umeme unapowashwa asubuhi, ishara zote huanza na nyekundu, na hubaki hivyo hadi treni ipite au mwendeshaji abonyeze kitufe kilichofungwa sambamba na swichi ya mbele. Sehemu inayolindwa lazima iwe ndefu kuliko treni nzima. Vinginevyo injini huifungua ishara mabehewa ya nyuma yakiwa bado ndani.

7. Radi na stima inayorudi

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na hewa yenye unyevu inayopanda vilima vya Gusii huleta ngurumo hasa alasiri. Mvua inapokaribia, adapta huchomolewa ukutani. Kuzima swichi ya soketi pekee hakutoshi, kwa kuwa pengo la swichi ni dogo mno kuzuia mrusho wa radi. Kielelezo chenye betri kinaweza kuendelea, mradi chaja imechomolewa na hakuna waya unaotoka nje kwenda kwenye paneli ya sola juu ya paa.

Stima iliyokatika huweza kurudi na volti zisizotulia. Adapta huachwa nje ya soketi hadi taa za chumba zitulie kwa dakika chache. Unyevu nao huziba midomo ya rilei zisizo na kifuniko na huleta kutu kwenye reli, hivyo meza hufunikwa nailoni inapohifadhiwa, na rilei za wazi hazitumiwi.

8. Kupima na kutafuta hitilafu

Upimaji huanza kabla ya umeme. Mita huwekwa kwenye kipimo cha omu kati ya chanya na hasi ya kila tawi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mguso unaotafutwa kwanza. Kisha tawi la taa huwashwa peke yake: ishara zote zinapaswa kuwa nyekundu. Tawi la koili hufuata, na kila rilei huvutwa moja baada ya nyingine.

Ishara isiyowaka kabisa mara nyingi ina LED iliyogeuzwa. Mguu wake mrefu ndio wa chanya.

Rilei inayotoa mlio wa kuvuta huku taa isibadilike ina hitilafu upande wa miguu ya swichi, si wa koili.

Rilei isiyovuta hupimwa volti kwenye miguu ya koili. Zikiwa chini ya 9, tatizo ni betri, ungio au waya mwembamba. Zikiwa 12, koili imekatika.

Rilei inayovuma inalishwa AC, au kapasita ya chanzo imechoka.

Rilei kuu inayovuta kisha kuachia mara moja haijapata mlisho wa kujishikilia; miguu ya seti ya pili imebadilishwa.

Fyuzi ikikatika kila umeme unapowashwa, daiodi za koili hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Fyuzi haibadilishwi kwa kubwa zaidi, wala haizibwi kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya.